Safu ya Kulia: Historia ya Ukurasa Uliogawanywa, Hadi Butembo na Beni

Tarehe 6 Desemba 2018 lilitoka toleo la 5.0 la WordPress, programu ambayo wakati huo iliendesha karibu theluthi moja ya tovuti zote duniani. Lilikuja na kihariri kipya kilichopewa jina la Gutenberg. Ndani yake mlikuwa na jambo ambalo waandishi wa mtandaoni walikuwa wamelitafuta kwa miaka mingi: kuugawa ukurasa katika safu mbili, tatu au zaidi kwa kubofya tu, bila kupachika programu-jalizi iliyoundwa na mtu mwingine.

Mwezi huohuo, miji ya Butembo na Beni katika Kivu Kaskazini ilikuwa imeingia mwezi wa tano wa Ebola. Ugonjwa ulikuwa umetangazwa tarehe 1 Agosti 2018 Mangina, si mbali na Beni, na ulikuwa unaelekea kusini. Tarehe 26 Desemba Tume ya Uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba wapiga kura wa Beni na Butembo watasubiri hadi Machi 2019, ilhali sehemu kubwa ya nchi ingepiga kura tarehe 30. Siku hiyo ya 30 wakazi wa Beni walijipanga mistari katika vituo walivyovitengeneza wenyewe, wakapiga kura ya ishara. Kesho yake intaneti ikakatwa Kongo nzima.

Waliotengeneza kihariri kile hawakuwa wakiifikiria Butembo, na watu wa Butembo walikuwa na mengi ya kuhangaikia kuliko sura ya ukurasa. Hata hivyo mji uliokuwa ukipigana na ugonjwa usioonekana kwa macho ulihitaji maandishi yanayomfikia mtu kwa lugha yake na kwa kifaa alichonacho mkononi. Namna maandishi yanavyopangwa, na lugha inayotangulizwa, ni habari ndefu iliyoanza kabla ya mtambo wa chapa.

Kabla ya herufi za risasi

Waandishi wa kale waliotumia mafunjo waliandika kwa safu kwa sababu ya kimwili kabisa: mstari wenye urefu wa gombo zima usingesomeka. Msomaji alikunjua kwa mkono mmoja na kukunja kwa mwingine, safu ikapita mbele yake, ikaja nyingine. Vitabu vya kurasa vilipochukua nafasi ya magombo, desturi ilibaki. Codex Sinaiticus, nakala ya Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4, ina safu nne katika kurasa zake nyingi. Johannes Gutenberg naye, alipochapa Biblia yake mjini Mainz karibu mwaka 1455, aliwafuata wanakili waliomtangulia: safu mbili kwa ukurasa, mistari 42 kwa safu. Mpangilio huo wa safu mbili bado umo katika Biblia nyingi za Kiswahili zinazobebwa Jumapili kwenda kanisani.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na mpangilio wake. Wanakili wa Pate na Lamu walioandika tenzi kwa herufi za Kiarabu walipanga vipande vya ubeti sambamba, wakiacha nafasi au kutia alama kati ya kipande na kipande. Vina vikaangukia mahali pamoja kutoka juu hadi chini. Aliyeghani aliona kwa jicho mahali pa kuvuta pumzi, na aliyehifadhi kwa moyo aliona mahali ubeti unapofungwa. Mpangilio ulitumikia sauti, kwa sababu wengi waliupata utenzi kwa kusikiliza.

Chumba cha chapa

Magazeti ya Kiswahili yalianzia misheni. Msimulizi lilitoka Zanzibar mwaka 1888, katika shule ya Kiungani ya misheni ya UMCA, na miaka michache baadaye misheni hiyohiyo ikatoa Habari za Mwezi huko Magila. Kiongozi lilianza Tanga mwaka 1904, wakati wa Wajerumani. Waingereza walipoichukua Tanganyika, Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo Januari 1923, na kurasa zake zikawa uwanja wa barua na mashairi ya watu kutoka kila pembe. Mombasa, mwaka 1932, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Al-Islah, akiandika kwa Kiarabu na Kiswahili.

Katika chumba cha chapa cha zama hizo safu ilikuwa kipimo cha kazi. Mpanga herufi alishika kifaa kidogo cha chuma kilichorekebishwa kwa upana wa safu moja, akachomeka herufi za risasi moja baada ya nyingine, akajaza nafasi mpaka mstari ukaze. Mistari ikahamishiwa kwenye trei ndefu, ikafungwa kwa uzi, ikasubiri ukurasa wake. Kwa kuwa safu ni nyembamba, watu kadhaa waliweza kupanga gazeti moja kwa wakati mmoja. Habari iliyochelewa iliingizwa bila kuvunja ukurasa wote, na tangazo liliuzwa kwa urefu wa safu. Msomaji naye alipata faida: mstari mfupi haulichoshi jicho, halipotei linaporudi kushoto kutafuta mstari unaofuata.

Kiswahili, hata hivyo, hakikuikubali safu nyembamba kwa urahisi. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli katika neno moja. Neno kama "watakapowaandikia" halikai popote pembamba. Mpanga herufi alilazimika ama kulikata kwa kistari ama kuyatawanya maneno machache yaliyobaki ili mstari ufike ukingoni. Ndiyo maana safu za magazeti mengi ya Kiswahili zina mianya myeupe inayoteremka katikati ya maandishi. Tatizo hilo lilihama pamoja na lugha mpaka kwenye vioo vya simu.

Kongo na lugha zisizo na safu

Magharibi ya maziwa mambo yalifuata mkondo mwingine. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 18 Oktoba 1908 iliyoweka misingi ya utawala wa koloni iliagiza kwamba amri zote za jumla ziandikwe na kutangazwa kwa Kifaransa na Kifleming, na kwamba matini zote mbili ni rasmi. Gazeti la serikali la koloni likazichapa lugha hizo mbili zikienda sambamba. Kwa miongo mitano mtu wa Lubero au Beni alitozwa kodi, akahamishwa na kupelekwa kazi za shuruti kwa amri zilizopangwa kwa nadhifu katika lugha mbili, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa yake.

Kiswahili kilipewa kurasa pale kilipofaa kwa kazi. Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilikuwa na gazeti la Ngonga mwaka 1934, na mwaka 1957 kampuni ya migodi ya Union Minière ilianza kutoa jarida la Mwana Shaba kwa wafanyakazi wake. Yote hayo yalitokea Katanga, kwenye shaba na reli.

Kivu Kaskazini ilikuwa na sababu ya kutarajia gazeti kubwa. Wamisionari Waasumpsionisti walifika eneo la Beni na Lubero mwaka 1929, na shirika lao ndilo lililoanzisha La Croix, gazeti la Kikatoliki la Ufaransa linalotoka kila siku tangu 1883. Walijua kazi ya uchapaji kuliko mashirika mengi. Walichokijenga Kivu kwanza, hata hivyo, kilikuwa parokia, shule na hospitali. Baada ya uhuru jiografia ilikamilisha kizuizi. Kinshasa iko mbali zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, bila barabara inayopitika moja kwa moja. Njia ya biashara ya Butembo ilielekea mashariki, kupitia Kasindi, Uganda na Kenya hadi bandari ya Mombasa. Karatasi ilikuja kwa njia hiyohiyo, pamoja na vitambaa, pikipiki na vipuri, kwa bei ambayo gazeti haliwezi kuirudisha.

Elimu iliendelea kupanda. Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Butembo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, na mji wa wafanyabiashara ukaanza kuzalisha wanasheria, madaktari na wataalamu wa kilimo wake wenyewe. Kataliko alionyesha pia uzito wa neno lililoandikwa. Akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu, ujumbe wake wa Krismasi ya 1999 kwa waumini uliwaudhi waasi wa RCD waliotawala mji huo, nao wakamzuia kurudi jimboni mwake. Kuanzia Februari 2000 aliishi uhamishoni Butembo kwa miezi kadhaa, na Oktoba mwaka huo akafariki Roma.

Magazeti yaliyochapwa yalikuwepo, lakini machache. Les Coulisses la Nicaise Kibel'Bel Oka, lililofanya kazi kutoka Beni, lilidumu kupitia miaka ya vita, na mwaka 2009 mhariri wake alipewa tuzo ya uhuru wa habari ya Afrika. Lilikuwa gazeti la Kifaransa kwa wanaosoma Kifaransa. Umma mpana ulikwenda kwa redio: Radio Moto ya jimbo la Butembo-Beni, Radio Okapi ya Umoja wa Mataifa iliyoanza Februari 2002, na vituo vingine vingi vidogo. Redioni Kiswahili na Kinande, lugha ya Wanande wa eneo hilo, vilipata nafasi ambayo karatasi ilivinyima. Mji huu, kwa maneno mengine, uliingia zama za intaneti karibu bila kupitia zama za safu.

Mabano ya mraba

Ukurasa wa kwanza wa wavuti, uliotengenezwa na Tim Berners-Lee huko CERN na kuonekana mwaka 1991, ulikuwa na safu moja iliyotanuka kwa upana wa dirisha. Waandishi waliozoea magazeti hawakuridhika. Vivinjari vilipopata uwezo wa kuonyesha majedwali, karibu mwaka 1995, watengenezaji wakageuza majedwali ya takwimu kuwa mifupa ya ukurasa: kisanduku cha kushoto kwa menyu, cha kati kwa habari, cha kulia kwa matangazo. Håkon Wium Lie alikuwa ameshapendekeza lugha ya mitindo ya CSS mnamo Oktoba 1994, na kiwango chake cha kwanza kilipitishwa Desemba 1996, lakini vivinjari vilichukua miaka mingi kukitii.

WordPress ilizaliwa tarehe 27 Mei 2003. Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza waliijenga juu ya programu ya b2 iliyoandikwa na Michel Valdrighi wa Corsica. Mwaka mmoja baadaye, katika toleo la 1.2, iliruhusu mtu yeyote kuiongezea uwezo kwa programu-jalizi, na Februari 2005 ikaleta mandhari zinazobadilishwa bila kugusa maandishi. Sura iliyoenea tangu hapo ni ile tunayoijua wote: safu pana ya habari, na pembeni safu nyembamba ya viungo, picha na kumbukumbu za miezi.

Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kuandika. Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika kwa Kiswahili mtandaoni, katika ukurasa wake wa Jikomboe. Septemba 2005, katika mkutano uliofanyika Helsinki, alimsaidia mpiga picha Issa Michuzi kufungua ukurasa wake, uliokuja kuwa gazeti la picha la Watanzania walio nyumbani na ughaibuni. Kurasa hizo zilikuwa na safu kuu moja ya habari, mpya ikikaa juu ya ya zamani.

Toleo la 2.5 la WordPress, Machi 2008, lilileta vifupisho vinavyoandikwa ndani ya mabano ya mraba. Hapo ndipo programu-jalizi za safu zilipochipuka kama uyoga baada ya mvua. Mwandishi aliandika bano la kufungua safu, akaweka maandishi yake, akaandika bano la kufunga, na ukurasa ukatoka umegawanyika nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi. Ilikuwa nafuu kubwa kwa mtu asiyejua msimbo. Gharama yake ilionekana baadaye. Kila programu-jalizi ilipakia mafaili yake ya mitindo kwenye kila ukurasa, na msomaji ndiye aliyeyalipia kwa mega zake. Muundaji akichoka na kuitelekeza kazi yake, au mwenye tovuti akiiondoa programu hiyo, mabano yalibaki uchi katikati ya sentensi, katika kila makala iliyoandikwa kwa miaka yote iliyopita.

Mwaka 2010 redio ya kimataifa ya Ufaransa, RFI, ilianzisha Mondoblog, mradi uliowafunza vijana wa Afrika inayosema Kifaransa kuandika mtandaoni, na mwaka 2016 ikaja Habari RDC, jukwaa la waandishi vijana wa Kongo lenye jina la Kiswahili na makala nyingi za Kifaransa. Kwa Wanande walio mbali na kwao, Beni-Lubero Online ilikuwa mlango wa habari za nyumbani. Mauaji ya raia yalipoanza katika wilaya ya Beni Oktoba 2014, habari za vijiji ambavyo dunia haikuvijua zilisomwa Ulaya na Marekani kwenye kompyuta zenye vioo vipana. Mjini Beni kwenyewe, habari hizohizo zilisomwa kwenye simu ndogo, zilizoletwa na wafanyabiashara wa Butembo kutoka Dubai na Guangzhou.

Safu inayoporomoka

Tarehe 25 Mei 2010, mbunifu wa Marekani Ethan Marcotte alichapisha makala iliyobadilisha kazi hii. Alipendekeza ukurasa ujipime wenyewe kulingana na upana wa kioo: kwenye kompyuta safu tatu, kwenye simu moja. Wazo hilo likawa kanuni ya dunia nzima, na kihariri cha Gutenberg kilipofika mwaka 2018 kilikuja nalo ndani yake.

Utaratibu wake ni mwepesi. Safu mbili zilizosimama bega kwa bega kwenye kioo kipana hupangwa moja juu ya nyingine kwenye kioo chembamba, kwa kufuata zilivyoandikwa. Ya kushoto inakwenda juu, ya kulia inakwenda chini. Ukiandika Kifaransa kushoto na Kiswahili kulia, jinsi ofisi zetu zilivyozoea kupanga lugha, aliye na kompyuta ataziona lugha mbili zikiwa sawa. Mwenye simu ataona Kifaransa chote kwanza, aya baada ya aya, na Kiswahili kitakuwa chini ya yote hayo. Atakayeshindwa kuelewa mistari mitatu ya kwanza ataufunga ukurasa kabla hajakifikia.

Ebola ilionyesha gharama ya kuiweka lugha ya watu mwisho. Shirika la Translators without Borders lilifanya utafiti Kivu Kaskazini wakati wa mlipuko huo, likaona kwamba watu walitaka maelezo katika lugha wanazozisema nyumbani, na kwamba istilahi za Kifaransa zilizomwagwa ndani ya ujumbe ziliwachanganya na kuwatia hofu. Shuku zilikuwa tayari nyingi. Watu waliouliza kwa nini ugonjwa huu unapewa fedha nyingi huku mauaji yakiendelea waliona uchaguzi wao ukiahirishwa kwa jina la ugonjwa uleule. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko wa Kameruni aliuawa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben. Intaneti yenyewe ilikuwa imekatika kwa takriban siku 20, kuanzia Desemba 31, na mitambo ya RFI nayo ikazimwa. Mlipuko ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki. Hakuna anayeweza kudai kwamba mpangilio wa ukurasa uliwaua au ungewaokoa. Linaloweza kusemwa ni kwamba katika miezi hiyo kila sekunde ya usomaji ilikuwa na thamani, na maandishi mengi yaliendelea kuanza na lugha ya ofisi.

Sheria ya nchi, kwa upande wake, haina utata. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Ibara yake ya 142 inaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo nne ndani ya siku 60 tangu kutiwa saini. Mkoloni aliandika sheria kwa lugha mbili zake akatekeleza. Jamhuri imeahidi lugha tano, na bado raia wengi wa Butembo na Beni hawajawahi kuona sheria hata moja kwa Kiswahili.

Leo uwezo wa kugawa ukurasa ni wa bure na uko katika mikono ya kila mwandishi, wala hauhitaji programu-jalizi inayoweza kutelekezwa. Kwa hiyo kilichobaki ni uamuzi. Mwandishi wa Butembo au Beni anayeandika kwa lugha mbili aweke Kiswahili kushoto, ili kwenye simu kitangulie. Kama matini ni ndefu, azitenganishe lugha katika kurasa mbili, juu kabisa aweke kiungo cha kuchagulia. Asilazimishe mistari ifike ukingoni pande zote mbili, maana vitenzi vyetu virefu vitaacha mianya ileile iliyowasumbua wapanga herufi wa zamani. Na kabla hajachapisha, aufungue ukurasa wake kwenye simu ya bei ndogo kabisa atakayoipata jirani, kwa mega za kawaida, aone ni sentensi gani inayotokea ya kwanza na kwa lugha gani. Kama sentensi hiyo haieleweki kwa mwenye simu, ukurasa bado haujakamilika.